Ahriman, Adui wa Nuru

Kila mwaka sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana ikikaribia, watoto wa Rungwe, wa Tosamaganga na wa mahali pengi pa Nyanda za Juu za Kusini husikia habari za Mamajusi waliotoka mashariki wakiifuata nyota. Wengi hulijua jina hilo kwa nyimbo na kwa michezo ya Krismasi, lakini asili yake hawaijui. Jina hilo latoka Uajemi. Hapo kale Waajemi waliwaita makuhani wao "magu", na neno hilo likapita katika Kiyunani na Kiarabu, hata likafika katika Kiswahili likawa Majusi. Makuhani hao walikuwa na dini yao, ambayo ni miongoni mwa dini za kale sana zilizo hai mpaka leo. Na katika dini hiyo limo fundisho moja ambalo watu wa mataifa mengi wamelitafakari, nalo ni fundisho la roho wa uovu, aitwaye Angra Mainyu, au kwa Kiajemi cha baadaye, Ahriman.

Fundisho hilo lilikuwa jibu la swali ambalo kila mtu hujiuliza apatwapo na msiba: Uovu watoka wapi? Mkulima wa Mbozi au wa Mufindi hulima shamba lake vema, hupanda kwa wakati wake, hupalilia. Kisha siku moja mvua ya mawe huja ikayapiga mahindi yote. Mama humlea mtoto wake kwa uangalifu, naye mtoto hushikwa na homa akafa. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia katika nchi za Afrika ya Mashariki ukaua ng'ombe wengi mno, na waliokuwa matajiri jana wakawa maskini leo. Ikiwa Mungu ni mwema, naye ndiye aliyeumba vyote, mambo hayo yametoka kwa nani? Waajemi wa kale walilijibu swali hilo kwa namna yao.

Mwalimu wa dini yao aliitwa Zarathushtra. Aliishi katika nchi za upande wa mashariki wa Uajemi, na wataalamu wengi hukadiri ya kuwa zamani zake zilikuwa kati ya mwaka 1500 na mwaka 1000 kabla ya kuzaliwa Kristo. Watu wake walikuwa wachungaji wa ng'ombe, na katika nchi yao walikuwako wanyang'anyi waliowatesa watu na mifugo. Zarathushtra aliyaona mateso hayo, akamlilia Mungu, ambaye alimwita Ahura Mazda, maana yake Bwana Mwenye Hekima. Nyimbo zake 17, ziitwazo Gatha, zimehifadhiwa mpaka leo. Kwa muda mrefu hazikuandikwa, bali makuhani walizishika kwa moyo, mwana akifundishwa na baba.

Katika Gatha mna habari za roho wawili wa mwanzo, walio kama mapacha. Mmoja ni Roho Mwema, na wa pili ni Angra Mainyu, maana yake Roho Mharibifu. Kila mmoja wao alichagua njia yake. Wa kwanza alichagua asha, yaani kweli na utaratibu mwema wa mambo yote. Wa pili alichagua druj, yaani uongo. Neno hili lafaa kuangaliwa sana. Zarathushtra hakusema ya kuwa ubaya wa Angra Mainyu ulitokana na sura yake, wala kabila yake, wala nchi yake. Ulitokana na uchaguzi wake. Na uchaguzi ule ule umewekwa mbele ya kila mtu, mwanamume na mwanamke, tajiri na maskini.

Miaka mingi ilipita, na makuhani wa Uajemi wakaliandika fundisho hilo kwa mfano wa hadithi ndefu, katika kitabu kiitwacho Bundahishn, yaani kitabu cha uumbaji wa mwanzo. Chasema ya kuwa hapo mwanzo Ahura Mazda alikaa juu katika nuru, na Ahriman alikaa chini katika giza, na katikati yao palikuwa na utupu. Ahura Mazda alikuwa na ujuzi wa mambo yote, akajua ya kuwa adui yupo na ya kuwa atakuja. Ahriman hakuwa na ujuzi wa mambo yajayo. Akili yake ilikuja nyuma ya tendo, kama mtu atambuaye mtego baada ya kunaswa. Siku moja akaiona nuru, akainuka ili aiharibu. Ahura Mazda akamwambia masharti ya amani, naye akayakataa, akidhani ya kuwa atakaye amani ni mnyonge. Ndipo walipopatana muda wa vita kuwa miaka 9000. Kisha Ahura Mazda akasoma sala yake, akamwonyesha adui mwisho wake, na Ahriman akaanguka gizani akazimia miaka 3000.

Katika miaka hiyo ulimwengu ulikuwa safi. Mbingu, maji, nchi, mmea, ng'ombe wa kwanza, mtu wa kwanza aitwaye Gayomard, na moto, vyote havikuwa na kasoro. Mmea haukuwa na miiba, wala moto haukuwa na moshi. Kisha Ahriman akaamka, akaipasua mbingu, akaurukia ulimwengu kama nzi. Akayatia maji chumvi, akaunyausha mmea, akautia moto moshi, akawamwaga nyoka na nge juu ya nchi, akamwua ng'ombe na Gayomard pia. Akadhani ya kuwa ameshinda. Lakini katika mwili wa yule ng'ombe zikaota nafaka na miti ya dawa. Na mbegu ya Gayomard ikaota mmea, na katika mmea huo wakatoka mwanamume na mwanamke wa kwanza. Tena Ahriman alipotaka kurudi kwake, aliikuta mbingu imefungwa nyuma yake kama ukuta wa boma. Alikuja kama mshindi, naye akawa mfungwa.

Wako watu wadhanio ya kuwa Waajemi waliabudu miungu miwili iliyo sawa. Sivyo ilivyo katika vitabu vyao. Ahriman si sawa na Ahura Mazda, maana hajui mambo yajayo, wala hawezi kuumba kitu chema. Makuhani wengine walifundisha ya kuwa hana hata mwili wake mwenyewe katika ulimwengu, bali hukaa ndani ya vitu alivyoviumba mwingine, kama kutu ikaavyo juu ya jembe. Kutu hulila jembe. Lakini pasipo jembe hakuna kutu. Wala hatadumu milele. Siku za mwisho atakuja mwokozi aitwaye Saoshyant, na wafu watafufuka. Chuma cha milimani kitayeyuka na kutiririka kama mto, na watu wote watapita ndani yake. Kwa mwenye haki mto huo utakuwa kama maziwa ya vuguvugu, na kwa mwovu utakuwa maumivu ya kumtakasa. Hapo uovu utakoma.

Basi mtu afanye nini wakati vita vikiendelea? Dini hiyo humpa silaha tatu: mawazo mema, maneno mema na matendo mema. Wala matendo hayo si ya kuhani peke yake. Kitabu kingine chao, kiitwacho Vendidad, chafundisha ya kuwa apandaye nafaka hupanda haki. Kwa hiyo kupalilia shamba, kuchimba mfereji, kumlisha mbwa mwenye njaa, na kuyalinda maji yasitiwe uchafu, hayo yote ni kupigana na Ahriman. Herodotus, Myunani aliyeandika habari za Waajemi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, asema ya kuwa Mamajusi waliwaua kwa mikono yao chungu na nyoka na wadudu watambaao. Asema tena ya kuwa Waajemi waliwafundisha wana wao, tangu umri wa miaka 5 hata miaka 20, mambo matatu tu: kupanda farasi, kupiga upinde, na kusema kweli. Katika nchi ambayo adui mkuu ni Uongo, mtoto asemaye kweli huhesabiwa askari.

Moto nao ulikuwa alama ya nuru na ya kweli. Makuhani waliutunza katika nyumba za ibada, wakiutia kuni safi, na vinywa vyao vimefunikwa kwa kitambaa cheupe ili pumzi isiuchafue. Kwa sababu hiyo watu wengi wamewaita waabudu moto, lakini wenyewe hulikataa jina hilo, husema ya kuwa wanamwomba Mungu mbele ya moto, wala hawauombi moto.

Walakini hata fundisho jema laweza kugeuzwa kuwa silaha ya mwenye nguvu. Mfalme Dario alishika ufalme wa Uajemi katika mwaka 522 kabla ya Kristo, na watu wa nchi nyingi wakamwasi. Alipokwisha kuwashinda aliamuru habari zake zichongwe juu ya mwamba mkubwa wa Behistun, nazo zasomeka mpaka leo. Humo asema ya kuwa ni Uongo uliowafanya watu wale waasi, na kila kiongozi wao atajwa kuwa mwongo. Labda wengine walikuwa waongo kweli. Lakini mfalme akipata kusema ya kuwa adui yake ndiye adui wa Mungu, nani atamwuliza tena kama hukumu yake ni ya haki?

Waisraeli walikutana na Waajemi hao uso kwa uso. Mfalme Koreshi aliutwaa mji wa Babeli katika mwaka 539 kabla ya Kristo, akawapa Wayahudi waliokuwa uhamishoni ruhusa ya kurudi kwao. Katika kitabu cha Isaya, mlango wa 45, Koreshi atajwa kwa jina lake, na Mungu amwambia ya kuwa hakuna mwingine ila yeye, na ya kuwa nuru na giza vyote viko mkononi mwake. Wako wataalamu waonao ya kuwa neno hilo ni jibu kwa dini ya Uajemi. Hapo ndipo zilipoachana njia mbili. Waajemi walisema ya kuwa uovu una mwanzo wake wenyewe, ili wema wa Mungu usitiwe doa. Biblia yasema ya kuwa hakuna kilicho na asili yake mbali na Mungu, na Shetani naye ni kiumbe tu, aliye chini ya Mungu tangu mwanzo hata mwisho.

Katika mwaka 651 baada ya Kristo aliuawa mfalme wa mwisho wa ufalme ule wa Uajemi, aitwaye Yazdegerd wa 3, na nchi ikawa chini ya Waarabu Waislamu. Baadaye baadhi ya watu walioshika dini ya kale walisafiri kwa bahari mpaka Gujarat katika Bara Hindi. Huko wakaitwa Waparsi, yaani watu wa Uajemi, na wengi wao wako India mpaka leo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011 walihesabiwa Waparsi 57,264.

Huko India fundisho la Ahriman lilitiwa katika mizani. John Wilson, mmisionari Mskoti, alifika Bombay katika mwaka 1829, na katika mwaka 1843 akatoa kitabu juu ya dini ya Waparsi. Alidai ya kuwa, ikiwa Ahriman alikuwako tangu mwanzo pasipo kuumbwa, basi wamemgawanyia Mungu enzi yake. Neno hilo liliwachoma, na wengine wakarudi kuyachunguza maandiko yao. Baadaye Martin Haug, mtaalamu Mjerumani aliyefundisha katika mji wa Pune, akaeleza ya kuwa katika Gatha Angra Mainyu hapingani na Ahura Mazda mwenyewe, ila na Roho Mwema aliye pacha wake. Waparsi wengi walipendezwa na maelezo hayo. Mpaka leo wako wasemao ya kuwa Ahriman ni nia mbaya iliyo katika moyo wa mwanadamu, na wako walioshika ya kuwa yeye ni adui wa kweli aliye nje ya mtu.

Katika karne ya 19 Waparsi wengine walivuka bahari wakaja Unguja, wakafanya kazi za biashara, za uhandisi na za ukarani. Hivyo dini ya Mamajusi ikafika katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mtoto wa Kiparsi, apatapo umri wa miaka 7 au zaidi, huvikwa shati jeupe na mshipi mwembamba wa sufu wenye nyuzi 72. Kila siku huufungua mshipi huo akaufunga tena huku akisali; na atajapo jina la Ahriman huzitikisa ncha zake kwa nguvu, kama mtu afukuzaye nzi. Mmoja wa watoto wa Waparsi wa Unguja, Farrokh Bulsara, alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 jamaa yake ilihamia Uingereza, na kijana huyo akawa mwimbaji mashuhuri kwa jina la Freddie Mercury. Alipofariki London katika mwaka 1991, maziko yake yalifanywa kwa ibada ya dini ya Zarathushtra. Waparsi wengi waliondoka Unguja baada ya Mapinduzi.

Wazee wa Nyanda za Juu za Kusini hawakumjua Ahriman, lakini swali lake walilijua sana, nao walikuwa na jibu lao. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya uchunguzi Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na mwaka 1938, waliandika ya kuwa watu waliamini ya kwamba wachawi, yaani abalosi, wana chatu matumboni mwao, na ya kwamba kila kijiji kina walinzi wake, abamanga, wapiganao nao usiku. Waliandika pia ya kuwa watawala vijana walipotolewa rasmi, mioto yote ya zamani ilizimwa, na moto mpya ukapekechwa ili nchi ianze upya. Mambo hayo yafanana na ya Uajemi: vita vya usiku, nyoka, na moto safi.

Lakini liko jambo moja lisilofanana, nalo ni kubwa. Waajemi walimweka adui mbali, katika roho asiyeonekana. Huku adui aliwekwa tumboni mwa jirani. Kwa hiyo msiba ulipotokea, swali halikuwa "Uovu watoka wapi?" bali lilikuwa "Ni nani?" Mtu aliyeshtakiwa alinyweshwa mwavi. Akitapika alihesabiwa hana hatia. Asipotapika alihesabiwa mchawi. Serikali ya Tanganyika ilitoa Sheria ya Uchawi katika mwaka 1928, lakini sheria haiwezi kuingia moyoni. Hata katika miaka ya karibu wako wazee nchini Tanzania, na wengi wao ni wanawake, waliouawa kwa kushukiwa tu ya kuwa wameroga. Wala Waajemi hawakuepukana kabisa na hatari hiyo, kama ule mwamba wa Dario uonyeshavyo. Popote mtu asemapo ya kuwa uovu wote umo ndani ya mwenzake, damu i karibu kumwagika.

Injili nayo ina neno juu ya jambo hili. Yesu alifundisha ya kuwa mawazo mabaya hutoka ndani, katika moyo wa mtu. Hakusema katika moyo wa jirani peke yake. Mkristo amjua Shetani kuwa baba wa uongo, na hapo akubaliana na Zarathushtra ya kuwa uongo ni mlango wa maovu mengi. Amjua tena kuwa kiumbe aliyeshindwa, asiye na haki ya kuogopwa kama Mungu. Naye apigana naye kwanza katika mawazo yake, na maneno yake, na matendo yake mwenyewe.

Basi mkulima wa Mbozi ambaye mahindi yake yamepigwa na mvua ya mawe ana njia mbili mbele yake. Aweza kuketi gizani akihesabu majirani, na kujiuliza ni yupi aliyemwonea kijicho. Na kesho yake kijiji kitakuwa na shamba moja lililoharibika na nyumba mbili zisizosalimiana. Au aweza kuamka asubuhi akashika jembe, akaenda kwa jirani yule yule kuomba mbegu za maharage, maana majira ya kupanda maharage hayajapita. Na jirani akimpa mbegu, kisha akaja kumsaidia kulima, uovu ulioletwa na mvua ile umepungua siku hiyo hiyo.